Kikombe cha Mkaguzi

Nchi yenyewe haitajwi hapa jina, na si kwa woga. Jina lake lilipelekwa kwenye tume lifanyiwe mapitio, na tume bado iko kwenye mapumziko ya chai. Basi tuiite nchi tu. Wananchi wake wana amani, na wanajua wana amani kwa sababu redio huwakumbusha kila asubuhi kabla ya taarifa ya hali ya hewa.

Nchi hiyo ina Wizara ya Makazi na Shukrani. Zamani ilikuwa ya makazi peke yake, lakini wakubwa wakaona watu wanapewa nyumba halafu wanakaa kimya kama hawakupewa kitu, ndipo shukrani ikaongezwa na ofisa wake akapewa gari. Chini ya wizara hiyo upo Mtaa wa Huruma, nyumba mia nne na kumi na mbili za watu wa hali ya chini. Nusu ya kodi hutoa mpangaji, nusu humlipia serikali. Mwenye nyumba zote ni Mheshimiwa Kaparata. Waziri wa Makazi na Shukrani ni Mheshimiwa Kaparata vilevile. Wageni fulani waliwahi kuuliza inakuwaje anayelipa na anayelipwa wakawa mtu mmoja, wakajibiwa kwamba inapunguza foleni.

Katika nyumba namba mia mbili na tisa aliishi Mzee Mwinjuma, fundi viatu, mtu wa darasa la tatu, mgane wa Bi Semeni. Bi Semeni alikuwa amefariki masika ya mwaka juzi. Alikohoa masika matatu mfululizo katika chumba ambacho ukuta wake ulikuwa umelowa kutoka sakafuni hadi kiunoni, na nyuma ya kitanda kuvu nyeusi ilipanda kama ramani ya nchi nyingine. Akifuta leo, kesho imerudi. Mwisho alichoka kufuta, na wiki iliyofuata akachoka na mengine yote.

Kwenye cheti cha kifo pana mstari wa sababu. Daktari alitaka kuandika lake, lakini kulikuwa na waraka unaosema hakuna mwananchi anayekufa kwa makazi, kwa kuwa makazi ni neema. Ikaandikwa: kifua chake mwenyewe. Mzee Mwinjuma hakuweza kusoma cheti chote, ila maneno hayo matatu aliyajua mahali yalipo, hata gizani angeyagusa kwa kidole. Kifua chake mwenyewe. Kana kwamba Semeni alikinunua dukani, akakitumia vibaya.

Alikwenda kwenye ofisi ya vizazi na vifo mara nne kuomba lile neno libadilishwe. Mara zote nne alijibiwa kwa upole. Mzee wetu, katika historia ya nchi hii hakuna nyumba hata moja iliyowahi kufeli ukaguzi. Sasa nyumba iliyofaulu itamuuaje mtu? Lete karatasi ya wizara inayosema nyumba ni mbaya, tutabadilisha siku hiyohiyo. Walimwambia hivyo kama mtu anavyomwambia mtoto alete mkia wa jua.

Na kweli nyumba hazikuwa zikifeli, na sababu yake ni ya kitaalamu. Kukagua nyumba mia nne na kumi na mbili ni kazi, na wakaguzi nao ni binadamu wenye miguu. Kwa hiyo wizara ilibuni Ukaguzi wa Kuzidisha. Mkaguzi hukagua nyumba moja, kisha majibu yake huzidishwa kwa idadi ya nyumba zote. Nyumba iliyokaguliwa kila mwaka ilikuwa namba moja, iitwayo Nyumba ya Mfano. Ilikuwa na vigae, pazia la maua na kitanda ambacho godoro lake halijavuliwa nailoni tangu lije. Hakuna aliyewahi kuishi humo, maana watu wakiishi ndani ya nyumba huichafua, na nyumba chafu si mfano. Kila mwaka ilifaulu, ikazidishwa, na mtaa mzima ukafaulu. Walipewa ngao.

Ni hiyo ngao iliyoleta balaa. Siku ya ukaguzi mwaka ule, msimamizi wa mtaa, Bwana Chande, alikuwa wizarani kuipokea ngao ya ukaguzi ambao haujafanyika bado, na ufunguo wa Nyumba ya Mfano ulikuwa mfukoni mwake. Mkaguzi akafika, kijana mpya anayeitwa Lutengano, akakuta mlango umefungwa na mvua inamwagika. Alijikunyata chini ya ubaraza, faili kifuani. Mzee Mwinjuma alikuwa akirudi na kiatu cha mtu ndani ya mfuko. Akamwona, akamwonea huruma, akamwambia aje ajikinge kwake.

"Shikamoo mzee," alisema Lutengano mlangoni, akivua viatu.

"Marahaba. Usivue, mwanangu. Humu ndani utavihitaji zaidi."

Kijana alidhani mzee anatania. Alipoingia akaona kwamba nje kulikuwa na mvua moja, na ndani zilikuwa kama tano, kila moja ina mahali pake na sauti yake. Mzee alimpa kiti kwenye sehemu kavu, akamtilia chai kwenye kikombe cha bluu, akamwomba radhi kwamba sukari imeloa. Lutengano akakipokea kwa mikono miwili. Kabla hajakifikisha mdomoni dari likadondosha tone ndani yake, likafuata la pili, na la tatu likawa si tone tena. Kijana akatazama juu. Akatazama ukuta. Akaona ile ramani nyeusi nyuma ya kitanda, ambacho upande mmoja ulikuwa umetandikwa na upande mwingine umeachwa kama ulivyo. Akaweka kikombe chini, akafungua faili.

Lutengano alikuwa na kasoro moja. Alikuwa amezisoma kanuni hadi mwisho, jambo lililokwisha kupigwa marufuku kwa waraka, lakini waraka wenyewe ulikuwa kwenye kurasa za mwisho na wenzake hawakufika huko. Kanuni ilisema mkaguzi akague nyumba moja. Haikusema ipi. Akakagua. Alipima, aligonga, alikwaruza, aliandika. Akamaliza, akapiga muhuri, akampa mzee nakala kama sheria inavyotaka. Mzee akamrudishia, akamwomba amsomee.

"Nyumba imefeli," alisoma Lutengano. "Haifai kukaliwa na binadamu. Kuta, paa na hewa yake ni hatari kwa afya."

"Hapo mwisho, mwanangu. Rudia hapo."

Kijana akarudia. Mzee Mwinjuma akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko mmoja na cheti cha Semeni, akakaa kitako kitandani, ule upande wake. Mvua ilipopungua Lutengano aliaga. Mzee hakumsikia.

*

Wizarani mashine ilipokea jibu, na kwa kuwa haikufundishwa kushangaa, ikazidisha. Kufikia saa nne asubuhi nyumba zote mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimefeli.

Hapo ikabidi watafute Sheria ya Haki za Mpangaji. Ipo, tena imechapwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa, yenye picha ya familia inacheka. Ilitungwa ili kuwafurahisha wafadhili, na ikapita bungeni bila mjadala, kwa sababu ilihusu nyumba zilizofeli na hakukuwa nayo hata moja. Ilikuwa sawa na kutunga sheria ya kuwalinda watu na theluji. Sasa walipoifungua wakakuta inasema mambo mazito. Nyumba ikifeli, mpangaji asidaiwe kodi. Mwenye nyumba apewe siku thelathini airekebishe. Asiporekebisha, mpangaji ahamishiwe nyumba iliyofaulu. Na asifukuzwe, asitishwe, wala asisimangwe.

Mheshimiwa Kaparata akafanya kama sheria isemavyo. Akiwa Waziri aliandika barua kali kwa mwenye nyumba, akimtaka ajieleze. Jioni, akiwa mwenye nyumba, aliipokea, akaudhika sana na lugha iliyotumika, akamjibu Waziri kwamba hatishwi. Barua zikaenda na kurudi kutoka upande mmoja wa meza hadi wa pili kwa wiki mbili, na katibu wake anasema haijawahi kutokea ofisini uhasama kama ule.

Mtaani watu walitembea wakitazama juu. Mapaa waliyoishi chini yake miaka kumi na tano walikuwa wakiyaona kwa mara ya kwanza. Mama Sikitu wa namba mia mbili na kumi, aliyezoea kusema maji yanayopita ukutani kwake ni jasho la nyumba, alikwenda kwa Mzee Mwinjuma na sahani ya maandazi, akamuuliza kama ni kweli sasa serikali haiwezi kumdai.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe ndiye uliyetufelisha?"

"Mvua ndiyo iliyowafelisha. Mimi nilikaribisha mtu."

Mama Sikitu akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka wote wawili wakanyamaza.

*

Bwana Chande alikuja siku ya kumi na tisa. Alikuja kwa miguu, bila gari, na hilo peke yake lilimtia mzee wasiwasi. Alimpa pole ya mke, iliyochelewa miaka miwili, kisha akamweleza habari ya Kanuni ya Arobaini.

Kanuni ya Arobaini inatokana na mila zetu nzuri za ukarimu. Inasema ofisa wa serikali aliyekula au kunywa chochote ndani ya nyumba ya mwananchi si ofisa tena siku hiyo, ni mgeni. Na mgeni haoni ila. Mgeni akiona ila katika nyumba aliyokirimiwa huyo hana adabu, na serikali haiwezi kutambua ukaguzi uliofanywa na mtu asiye na adabu. Hivyo basi, kama Lutengano alikunywa ile chai, ukaguzi haukuwepo. Kutakuwa na baraza wiki ijayo, Mheshimiwa ataongoza mwenyewe, na shahidi ni mmoja, naye ni aliyeandaa chai.

"Hakunywa," alisema mzee.

Bwana Chande hakubisha. Alimshika mkono, akamtembeza hadi namba moja, akafungua. Ndani palikuwa na harufu ya rangi. Mzee Mwinjuma akavua makubadhi bila kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaubandika kiganja, akakaa hivyo kitambo. Alipokiondoa akakitazama. Kilikuwa kikavu. Alikuwa hajui kwamba ukuta unaweza kuwa na joto.

"Ni yako," alisema Bwana Chande kwa sauti ya chini. "Nimekwisha kuzungumza na wakubwa. Utakuwa mtu wa kwanza kulala humu. Mzee wangu, mimi si daktari, lakini kifua chako hicho hakitaki masika mengine. Unasema alikunywa, basi. Chai yenyewe si ulimpa? Huongopi sana."

"Na ile karatasi?"

"Itarudi wizarani. Karatasi ya ukaguzi ambao haukuwepo utaishika ya nini?"

Mzee akasema anaishika kwa ajili ya mke wake. Bwana Chande akapumua kwa huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye nyumba ya serikali. Akasema, "Marehemu halowi tena, baba. Wewe unalowa."

Maneno hayo yalimwingia. Siku zile zote hadi baraza, mzee alikuwa akishona viatu vya watu na kiganja chake kinakumbuka ule ukuta. Alijaribu kujiambia kwamba Semeni mwenyewe angemwambia aende. Semeni alipenda pazia. Angesema, nenda Mwinjuma, lala pakavu, maneno ya kwenye cheti anayasoma nani? Na hapo ndipo alipokwama kila mara, maana alijua anayeyasoma ni nani.

*

Baraza lilifanyika katika Ukumbi wa Shukrani, mbele ya picha kumi na mbili za Mheshimiwa akikabidhi funguo. Mheshimiwa alifungua kwa hotuba. Alisema nyumba si paa, ndugu wananchi, nyumba ni upendo. Alisema yapo mataifa makubwa yenye mapaa mazima na hayana upendo, watu wake wanalala pakavu huku mioyo imeloa. Alisema maji ni uhai, na serikali inayofikisha maji mpaka kitandani kwa mwananchi haipaswi kulaumiwa kabla ya kuulizwa. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ofisa wa shukrani alikuwa amesimama.

Lutengano aliulizwa kwanza. Akasema hakunywa. Akaambiwa ofisa hawezi kujishuhudia, akakaa.

Akaitwa Mzee Mwinjuma. Alipanda akiwa na mfuko wake mkononi. Mheshimiwa akamwamkia kwa heshima zote, akamsifu mbele ya watu kwamba huyu ndiye mwananchi halisi, maskini wa mali lakini tajiri wa ukarimu, ambaye mgeni hatoki kwake na njaa. Akamuuliza kama aliandaa chai. Mzee akasema aliandaa. Akamuuliza kama ilikuwa chai nzuri. Mzee akasema alijitahidi.

"Basi mgeni wako alikunywa."

 Kwa watu wa nchi ile ni aibu kubwa mwenyeji kusimama hadharani akasema mgeni ameiacha chai yake. Ni sawa na kusema nyumbani kwangu hapaliki, hapanyweki. Mtu huficha hilo hata kwa ndugu zake. Mheshimiwa alijua, na ndiyo maana alitabasamu.

Mzee Mwinjuma alitazama chini, akatazama ule mfuko. Alikuwa amechoka. Alitamani kukaa.

"Hakunywa, Mheshimiwa."

"Una hakika gani? Pengine alionja wakati umegeuka."

"Nilipompa kikombe hakikujaa, kwa sababu majani yalikuwa kidogo. Alipokiweka chini kilikuwa kinamwagika." Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Mtu akinywa, kikombe hupungua. Kwangu kiliongezeka."

Hakuna aliyepiga makofi. Ofisa wa shukrani alisimama kwa mazoea, akatazama huku na huku, akakaa.

*

Mheshimiwa alikwenda faragha kwa saa mbili, akarudi na uamuzi, na lazima isemwe kwamba aliheshimu sheria. Alisema nchi hii ni ya utawala bora. Ukaguzi ulikuwa halali. Nyumba zote mia nne na kumi na mbili hazifai kukaliwa na binadamu, na karatasi inayosema hivyo ni ya kweli na ibaki ilivyo.

Watu wa Huruma wakaanza kukumbatiana. Mheshimiwa akawasubiri wamalize.

Akaendelea kwamba sheria inataka wahamishiwe nyumba iliyofaulu, na wizara imetafuta nyumba hiyo kwa moyo wote. Nyumba ya Mfano nayo, kwa kuzidisha, imefeli pamoja na nyingine, kwa hiyo haipo. Na kwa kuwa serikali yenye huruma haiwezi kuwaweka wananchi wake katika nyumba zisizofaa binadamu, kuanzia Jumatatu hizo si nyumba tena. Ni Ghala la Taifa. Wale waliomo si wapangaji, ni walinzi wa kujitolea wa ghala. Mlinzi hana haki za mpangaji, lakini ana heshima ya mlinzi. Ile nusu waliyokuwa wakitoa itaitwa mchango wa ulinzi. Akawapongeza kwa cheo kipya.

Lutengano naye alipandishwa cheo siku hiyohiyo, akapelekwa kukagua nyumba za mkoa wa jangwani, ambako hakuna nyumba.

Njiani kurudi, Mama Sikitu alitembea naye hadi kwenye kona ya mtaa, ambako kibao cha Huruma kilikuwa kimekwisha kung'olewa. Kisha akasema, "Umetupandisha, Mzee Mwinjuma. Asubuhi tulikuwa wapangaji, saa hizi maaskari. Na wewe ulipewa nyumba ya vigae ukaikataa. Mume wangu angekuwa hai angekuita mpumbavu."

"Angekuwa sawa," alisema mzee.

"Angekuwa hai," alisema Mama Sikitu. Akaingia ndani kwake.

*

Jumanne Mzee Mwinjuma alikwenda ofisi ya vizazi na vifo mara ya tano. Benchi lilikuwa limejaa watu wenye karatasi zilizokunjwa mikononi, akadhani labda kuna uandikishaji wa watoto. Wakampisha mbele, hakuelewa kwa nini. Dirishani alikuwepo karani mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema neno hilohilo mara elfu. Mzee akatoa cheti, akatoa na ile karatasi, akavilaza sambamba.

Karani alisoma vyote viwili. Akasema kwa masikitiko kwamba amechelewa. Mahali hapa panapotajwa, mzee wangu, tangu jana ni ghala kwa mujibu wa tangazo. Ghalani hawaishi watu, na pasipoishi watu hapafi mtu.

"Alipokufa ilikuwa bado nyumba," alisema mzee.

Karani akaangalia tarehe ya cheti. Akaangalia tarehe ya karatasi, akaangalia muhuri, akaugeuza upande wa mwanga. Alifungua kitabu cha nyaraka, akapekua, akakifunga. Kulikuwa na maelekezo ya kila kitu katika kitabu kile, ila si ya mtu anayekuja na karatasi ya kweli.

"Sasa unataka niandike nini?"

"Iliyoandikwa hapo."

Akavuta kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya yale maneno matatu, taratibu, kwa rula. Akaandika juu yake neno moja, akaweka sahihi pembeni na muhuri. Fomu ina mstari mwingine chini unaouliza kama marehemu aliridhika na huduma, na huko nyuma uliwahi kujazwa ndiyo. Aliutazama, akaupigia nao mstari, ingawa hakuombwa.

Mzee akasukuma cheti kidogo kumrudishia. "Nisomee, binti yangu. Mimi sikusoma sana."

"Sababu ya kifo," alisoma karani. "Nyumba."

"Mara moja tena."

"Nyumba, mzee wangu."

Mzee Mwinjuma akakunja karatasi zake, ikamchukua muda. Karani hakumharakisha. Alipoondoka dirishani, karani akainua uso, akauliza nani anafuata. Benchi zima likasimama.